Ubatizo wa Tekle

Eteri alijua mambo yameharibika kabla hata mtoto hajafungua mdomo.

Walikuwa katikati ya wimbo. Chumba kile, ambacho zamani kilikuwa duka la fundi viatu na siku za mvua bado kilinuka gundi, kilikuwa kimejaa kwa kadiri yake: watu ishirini na kitu, wengi wanawake, makoti mapajani, jiko la kuni likinguruma pembeni. Mumewe, Mchungaji Malkhaz, alikuwa amesimama mbele akiimba huku amefumba macho. Binti yao Tekle, wa miaka minne, alikuwa amepakatwa na bibi Zhuzhuna kama ilivyo kila Jumapili. Joto lilipozidi, bibi akamfungua mtoto vifungo vya sweta. Juu ya fulana nyeupe kikaning'inia kimsalaba cha fedha kwenye uzi mwekundu.

Wimbo ukafa upande ule wa chumba, kisha kote.

"Nani kakupa hiki, kipenzi?" Zhuzhuna aliuliza. Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Eteri.

"Babu!" Tekle alijibu kwa fahari. "Padri mwenye ndevu aliniingiza kwenye beseni kubwa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mimi sikulia, mama ndiye aliyelia."

Malkhaz alifumbua macho. Hakumtazama mtoto wala watu. Alimtazama mkewe. Macho hayo Eteri aliyapenda tangu siku ya kwanza alipoyaona kwenye mavuno ya zabibu, meusi, matulivu, yasiyojua kuficha kitu. Sasa yalikuwa yanamuuliza swali moja tu, na alishindwa kuyakabili. Akainamisha kichwa.

Zhuzhuna alimshusha mtoto taratibu, akajifunga kitambaa chake kichwani, akatoka bila kuaga.

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua kwa nini. Mume wa Zhuzhuna, mzee Abesalom, alipofariki, wanaume wa kijijini kwao waliziba lango la makaburi. Sektanti, walisema, kwa jina lile la dharau wanaloitwa walokole wote, hazikwi na Wakristo. Mzee akaishia kuzikwa nje ya ukuta, kwenye ukingo wa shamba la mizabibu la shemeji yake, na mjane akahamia hapa mjini kwa dada yake. Na mtu aliyesimama mbele kabisa pale langoni alikuwa Vazha, mwimbishaji wa kanisa la Orthodoksi la kijiji. Baba yake Eteri. Babu aliyetoa msalaba.

Watu waliondoka bila kunywa chai. Maharage yalibaki jikoni, mikate ya tanuri haikuguswa. Eteri alimpeleka Tekle chumba cha nyuma, akamwekea katuni, akarudi. Malkhaz alikuwa anapanga viti vilivyokwisha kupangwa.

"Sema," Eteri alisema. "Nitukane ukitaka, lakini sema."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Siku uliyokwenda Gurjaani kumwona yule ndugu aliyelazwa."

"Niliporudi nilikuuliza mmeshindaje. Ukaniambia mmechuma zabibu kwa shangazi yako Guliko."

"Tulichuma kweli."

"Eteri!"

"Tulichuma, halafu tukaenda kanisani." Alijikalisha kwenye kiti cha karibu. "Baba anakufa, Malkhaz. Mapafu. Tangu nikufuate wewe hajawahi kutaja jina langu, unajua mwenyewe. Picha yangu aliigeuza ikatazama ukuta. Halafu shangazi Guliko akaja sokoni kunitafuta: mzee anakuulizia. Nilikwenda mbio. Nimemkuta amekonda kama tawi la mzabibu wakati wa baridi, na sauti imekwisha. Baba yangu hana sauti! Mtu aliyekuwa akiimba Pasaka mpaka mbwa wa kijiji wananyamaza."

"Akakuamuru."

"Laiti angeniamuru. Ningegombana naye, nimezoea. Alimshika Tekle mkono akaanza kulia. Akaniambia, 'Nikifika huko, nataka siku moja nimwone na huyu. Basi.' Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia mke wangu."

Neno hilo lilimpata pale pale palipouma.

"Ungekataa," alisema.

"Ndiyo. Ningekataa."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Malkhaz aliacha viti. "Angekuwa mzee mwingine yeyote, labda. Lakini mkono aliomshikia Tekle ndio aliozuia nao lango. Zhuzhuna alimpigia magoti baba yako, Eteri. Kwenye matope. Mimi nilikuwa nimeshika jeneza upande mmoja, mvua inatunyeshea, na baba yako akaanza kuimba zaburi ili asimsikie mjane."

"Usinisimulie, nilikuwepo. Nilikuwa nimembeba Tekle, analia kwa baridi. Unadhani nimesahau?"

"Na bado ukampa."

"Sikumpa mtoto wangu kwa mtu! Nilimpa mzee maji, na mafuta, na mjukuu wa kumbusu. Si wewe unayehubiri kila Jumapili kwamba maji hayamwokoi mtu? Kama hayaokoi, basi hata kudhuru hayadhuru."

Siku nyingine hapo Malkhaz angecheka. Alikuwa na kawaida ya kucheka mkewe anapomshinda kwa hoja zake mwenyewe, akamvuta, akamwambia yeye ndiye angefaa kuwa mchungaji. Leo hakucheka.

"Mimi sikuumizwa na maji," alisema polepole. "Mwezi mzima umelala ubavuni kwangu na jambo hili kifuani. Nikikuuliza una nini, unasema umechoka. Nikakuamini. Nikakuchemshia chai, Eteri. Nikakuombea upumzike."

 Eteri angependa mumewe ampigie kelele. Kelele angeziweza.

Kesho yake jioni alikuja Rezo, mzee wa kanisa, dereva wa lori, mtu mkubwa ambaye kiti cha jikoni kililia chini yake. Hakugusa chai aliyowekewa.

"Mchungaji, nimetumwa," alianza. "Watu wamekaa kwangu tangu jana. Hatutaki mengi. Dada Eteri asimame Jumapili mbele ya kanisa atubu. Aseme ametenda dhambi, na ubatizo ule si kitu. Yaishe."

"Na asiposimama?"

"Basi wewe ushuke madhabahuni." Rezo alijipangusa uso kwa kiganja. "Usinitazame hivyo, Malkhaz. Unampenda mkeo, na mimi nampenda wangu. Mke wangu alikuwa na wateja wa kushona mtaa mzima. Tulipookoka hakubaki hata mmoja. Mama yangu mzazi anapika chakula cha kila mtu nyumbani, changu hapiki. Analia akitaka mjukuu abatizwe kama watoto wa watu. Nami nimekataa, kwa sababu wewe ulituambia tuvumilie. Sasa nimwambie nini mama?"

Eteri alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono imelowa.

"Kaka Rezo," alisema, "kwa kumficha mume wangu nitaomba radhi, hata leo. Kwa bibi Zhuzhuna nitapiga magoti. Nilikwenda asubuhi, hakunifungulia, nitarudi tena. Lakini kusimama mbele za watu niseme nilichomfanyia baba yangu anayekufa ni dhambi, mdomo huo sina."

Kisha akangoja. Alimgeukia mumewe akangoja aseme neno, hata dogo, hata "subiri kwanza, Rezo." Alimjua huyu mtu. Aliwahi kusimama mbele ya kundi la vijana waliokuja kuvunja madirisha ya chumba chao cha ibada, akawakaribisha chai. Hakuwa mwoga.

Malkhaz alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

Rezo alipoondoka, Eteri alikausha mikono, akaenda chumbani, akateremsha begi kutoka juu ya kabati.

"Unakwenda wapi?" Malkhaz alisimama mlangoni.

"Kwa baba. Shangazi anasema hatafika mwisho wa wiki. Binamu yangu Gocha anakuja kutuchukua na gari."

"Mtarudi lini?"

"Baba akishakufa." Alikunja nguo ndogo za Tekle. "Baada ya hapo sijui, Malkhaz. Kweli sijui."

Hakumzuia. Alichofanya ni kumketisha Tekle kitandani, akapiga goti, akaanza kumvalisha viatu vya baridi, akimfunga kamba taratibu huku mtoto akimsimulia habari za kuku wa babu. Kuna wakati alinyanyua uso, macho yao yakakutana juu ya kichwa cha mtoto. Yalikaa hapo. Eteri aliona jinsi midomo yake ilivyofunguka. Kama angesema baki, angebaki, na pengine angemchukia kwa hilo, lakini angebaki.

Nje, Gocha alipiga honi. Malkhaz akainama, akamalizia kufunga kiatu cha pili.

Mzee Vazha alifariki Alhamisi, wakati watu wanakunywa chai ya asubuhi. Shangazi Guliko ndiye aliyepiga simu.

"Malkhaz, mwanangu, ndugu yangu kapumzika. Mimi sikuiti, wala sikukatazi. Ukija, njoo. Ila ukianza kuhubiri hapa nitakutoa kwa ufagio, mbele ya watu wote."

Na Rezo naye, alipopata habari, alisimamisha lori mbele ya lile duka la zamani la viatu, akateremsha kioo. "Pole kwa msiba. Lakini sikia. Ukiingia kwenye ibada yao, ukasimama na mapadri na sanamu zao, utakuwa umeshatujibu. Tutasali kwangu."

"Ni baba wa mke wangu, Rezo."

"Alikuwa mtu wa langoni," Rezo alisema, akaondoka.

Siku ya maziko Malkhaz alifika mapema. Uani wanaume walikuwa wamejipanga ukutani kama desturi, mashati meusi, ndevu hazijanyolewa, wakipokea mikono ya wanaoingia. Mahali pa kwanza, karibu na mlango, ni pa mtoto wa kiume wa marehemu, na asipokuwepo, pa mkwe. Vazha hakuwa na mtoto wa kiume. Hapo alisimama Gocha, mtoto wa nduguye.

"Haya, sektanti kaja," Gocha alisema, si kwa sauti ya chini. "Umekuja kuhesabu sanamu?"

"Nimekuja kuzika."

"Kama nani?"

"Kama mkwe wake."

"Mzee hakuwa na mkwe. Muulize yeyote hapa. Miaka yote hii umemsikia akisema ana mkwe?"

Mtu mmoja alicheka kidogo, mwingine akamkanya. Malkhaz hakurudi nyuma, hakusonga mbele. Ndani, wanawake walioketi kuzunguka jeneza walinyamaza. Kisha mlango ukafunguliwa, Eteri akatoka.

Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya mama yake, imempwaya mabegani, na uso ulikuwa umevimba kwa kulia. Malkhaz alimwona akasahau alipokuwa amesimama. Siku chache tu, lakini alimtazama kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu anavyoitazama nyumba yake, akihofu kubisha.

"Gocha, sogea," Eteri alisema.

"Dada, mzee mwenyewe asingekubali."

"Mzee mwenyewe amelala ndani. Mimi ndiye niliyesimama. Sogea, mpishe mume wangu."

Gocha alimtazama shangazi Guliko, aliyekuwa amejitokeza nyuma ya Eteri.  Gocha akasogea. Nafasi ilikuwa finyu. Malkhaz akaingia, bega lake likigusana na bega la mtu asiyemtaka, akasimama hapo mchana wote akipokea mikono ya kijiji. Wengine walimpa mkono. Wengine walimruka.

Padri alipofika na waimbaji, shangazi Guliko alipita akigawa mishumaa. Alipofika kwa Malkhaz alimnyooshea mmoja, na nyumba nzima ikatazama.

"Siwezi, shangazi," alisema kwa unyenyekevu. "Nikiushika nitakuwa naigiza. Sitaki kumdanganya mzee siku yake hii."

"Kichwa ngumu," Guliko alinong'ona. Alikaa na mshumaa mkononi, akamtazama sana. Kisha akaurudisha kwenye kifungu. "Yeye pia alikuwa kichwa ngumu. Simama na mkeo, basi."

Ibada ilianza. Eteri alishika mshumaa wake, lakini waimbaji walipoanza, na sauti ya baba yake haikuwemo kati ya sauti zile, mkono ukaanza kutetemeka mpaka mwali ukawa unayumba huku na huku. Hapo alihisi kiganja kikiingia chini ya mkono wake na kuutegemeza. Malkhaz hakuinua macho. Nta ilimdondokea vidoleni, moja baada ya nyingine, na hakuutoa mkono. Waliendelea hivyo mpaka mwisho, yeye na mshumaa, mumewe na mkono.

Baada ya maziko, watu wakiwa mezani wanakula wali wa kondoo na kumnywea marehemu divai aliyoizika mwenyewe ardhini kwenye mitungi, wawili hao walikutana nyuma ya nyumba, kwenye mizabibu iliyokwisha kuchumwa. Tekle alikuwa amelala begani kwa mama yake.

"Kwa nini hukusema neno?" Eteri aliuliza. "Rezo alipokuja. Nilikungoja, Malkhaz. Nilikungoja mpaka nikaona aibu."

"Niliogopa. Niliona nikifungua mdomo nitawapoteza wao au nitakupoteza wewe. Nikanyamaza. Nikawapoteza wote."

"Mimi hujanipoteza. Ulikaribia." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Jumapili utahubiri?"

"Nitafungua mlango. Sijui kama atakuja mtu."

"Basi tutarudi nyumbani."

"Eteri." Alimshika kiwiko. "Nisikudanganye. Ulichofanya sijakikubali."

"Najua. Na mimi sijakijutia. Ninachojutia ni kukuficha. Hicho nitakijutia mpaka nizeeke."

"Sasa tutaishije hivyo?"

"Sijui. Mama na baba waligombania mahali pa kupanda mti wa komamanga mpaka mama akafa, na kila usiku aliweka mkono wake juu ya mkono wa baba." Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza, na tabasamu likavunjika kuwa kilio. Malkhaz aliwakumbatia wote wawili, mama na mtoto, akabaki nao hivyo, huku uani watu wakiimba kwa sauti za divai na majonzi.

Jumapili waliwasha jiko mapema. Eteri alifuta vumbi, Malkhaz akapanga viti vyote, ingawa mkewe alimwambia asipange vyote. Wakaketi. Lori la Rezo lilipita mtaani, likapunguza mwendo mbele ya dirisha, wakamwona akiwatazama, kisha likaenda zake na familia mbili za kanisa zikiwa zimebanana naye mle mbele. Saa ya ibada ikafika ikapita. Tekle aliuliza watu wako wapi, akajibiwa wamechelewa, akalala kwenye benchi.

Mlango ulipofunguliwa wote wawili walisimama. Alikuwa Zhuzhuna. Alikung'uta viatu, akatazama viti vitupu, akachagua cha nyuma kabisa, karibu na mlango, akakaa bila kuvua koti.

"Bibi," Eteri alianza, akimwendea.

"Kaa hapo hapo. Sijakusamehe."

"Najua, bibi."

"Na baba yako sijamsamehe. Niliposikia kafa nilijaribu. Niliomba kabisa, kwa magoti. Imenishinda." Alivuta kitambaa chake kichwani. "Kijijini hawanitaki. Kwa Rezo nimechungulia. Pale wanasali kwa hasira, na hasira yangu peke yake inanitosha. Nikasalie wapi? Haya, anza, Mchungaji. Mbona mnanitazama?"

Malkhaz alikwenda mbele. Eteri alimwona akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akimtafuta kwa macho. Eteri hakukwepa safari hii. Alimtazama mpaka mabega ya mumewe yakashuka.

"Bwana," Malkhaz aliomba, akaikaza mikono mezani. Akaanza tena. "Bwana, tuko wanne hapa, na hatujapatana."

 Hakuwa na lingine.

Kutoka nyuma, karibu na mlango, Zhuzhuna akaitikia, "Amina."